Jirani Alileta Unga, Tajiri Alileta Mkopo

Machi 2023, kimbunga Freddy kilipoikumba Malawi kusini, tope la Mlima Soche liliporomokea nyumba za Chilobwe, pembezoni mwa jiji la Blantyre, watu wakiwa wamelala. Zaidi ya watu 670 walithibitishwa kufa nchini humo, na mamia wengine hawakuonekana tena. Siku chache baadaye Tanzania ilipeleka tani 1,000 za unga wa mahindi, mahema, mablanketi, fedha taslimu na helikopta za jeshi za kuwafikia waliokatikiwa na barabara. Wakati ule unga ulikuwa ghali hata kwetu. Mama yeyote wa Mbagala anakumbuka. Lakini sikumsikia Mtanzania hata mmoja akiuliza Wamalawi wataurudisha unga ule lini, na kwa riba gani. Jirani amefiwa, unampelekea ulicho nacho.

Sasa tazama upande wa pili. Usiku wa 14 Machi 2019 kimbunga Idai kilitua karibu na Beira, Msumbiji. Mito ya Buzi na Pungwe ilivunja kingo zake ikageuka ziwa moja, watu wakakaa siku kadhaa juu ya mapaa na juu ya miembe wakisubiri mitumbwi. Msumbiji peke yake walikufa zaidi ya watu 600. Tanzania ilipeleka dawa na chakula. Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, nalo liliitika upesi: mwezi uliofuata liliidhinishia Msumbiji takriban dola milioni 118. Ulikuwa mkopo. Na kabla Aprili hiyo haijaisha, kimbunga cha pili, Kenneth, kikatua Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma, kwa watu wanaozungumza Kimwani, Kimakonde na Kiswahili, wenye wajomba na shangazi zao Mtwara na Newala. Tathmini iliyofanyika baadaye ilikadiria kwamba kuyajenga upya yaliyobomolewa na vimbunga hivyo viwili kungehitaji dola bilioni 3.2.

Sitaki kumwonea mtu. Mkopo ule wa IMF haukuwa na riba, na uliiwezesha serikali ya Maputo kuagiza vitu ambavyo wananchi walivihitaji siku ile ile. Wapo maofisa waliofanya kazi usiku kucha ili fedha zitoke haraka. Msumbiji yenyewe ilikuwa tayari imelemewa na madeni, mengine yaliyokopwa kwa siri na watu wake wenyewe, ya karibu dola bilioni 2, na hilo hatuwezi kulisingizia tabianchi. Lakini ninalolisema ni hili, na nitalisema mpaka nichoke: mtu aliyekubomolea nyumba hakukopeshi mabati. Anayaleta, anayapiga misumari, halafu ndipo mnazungumza.

Na nani amebomoa, si siri. Marekani peke yake imetoa takriban robo ya hewa ukaa yote iliyotokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi tangu viwanda vianze. Nchi za Ulaya zinaifuata kwa karibu. Mmarekani wa kawaida leo anatoa zaidi ya tani 13 kwa mwaka. Mtanzania wa kawaida hafikishi hata nusu tani kwa mafuta na umeme anaotumia, na Mmsumbiji hali kadhalika. China sasa ndiyo inayotoa nyingi zaidi kila mwaka, nayo haiwezi kuendelea kukaa kwenye benchi letu la maskini kila mkutano unapofika kwenye suala la nani achangie. Bahari ya Hindi imepata joto, na bahari yenye joto huwalisha vimbunga. Hayo nimeyafundisha ubaoni miaka mingi, kwa wanafunzi ambao baba zao hawakuwahi kumiliki hata pikipiki.

Mimi ni mtu wa Rufiji. Warufiji hatukuzaliwa tukiyaogopa mafuriko. Bibi yangu alilima bondeni, na mto ulipojaa na kurudi alipanda mlau kwenye udongo mbichi ulioachwa na maji: mahindi, kunde, maboga. Wakati wa mpunga watu walihamia kwenye madungu, vibanda vilivyosimama juu ya nguzo ndefu, wakalala huko wakilinda shamba dhidi ya nguruwe na ndege huku maji yakipita chini yao. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko makubwa, serikali ilitupandisha nchi ya juu tukajengewa vijiji, lakini mashamba yalibaki kule kule bondeni, kwa sababu rutuba haikupanda nasi. Kwa hiyo mtu asinifundishe kwamba mafuriko ya Rufiji yameanza jana. Mto huu unakusanya maji ya Ruaha Mkuu, Kilombero na Luwegu, maji ya karibu moja ya tano ya nchi nzima. Kufurika ni tabia yake.

Lakini shangazi yangu, anayelima mpunga upande wa Muhoro na mwenye umri wa kulinganisha, aliniambia mafuriko ya Aprili 2024 hayakufuata desturi. Maji ya zamani yalikuja, yakakaa muda unaojulikana, yakaondoka. Haya yalikuja mpunga ukiwa umeanza kutoa masuke, na yakakaa. Yaliposhuka, yalirudi. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini na kuwaathiri zaidi ya 200,000. Hata nchi haijapumua, tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kikatua Mafia. Kwa wengi wetu vimbunga vilikuwa habari za Madagaska na Msumbiji. Wazee wa Lindi ndio walikuwa na kumbukumbu ya kimbunga cha mwaka 1952. Barabara ya kusini ilikatika maeneo ya Somanga, na Lindi na Mtwara zikabaki ng'ambo kwa siku kadhaa, magari yakiwa yamepanga foleni na vyakula vikiozea ndani.

Shangazi alikuwa amekopa ili alime. Sehemu alichukua kwenye VIKOBA, vikundi vyao vya kuweka na kukopa, sehemu kwa wale wakopeshaji ambao mitaani tunawaita kausha damu, kwa marejesho ya kila wiki. Fedha zilikwenda kwenye trekta, mbegu na vibarua wa palizi. Maji yalipolifunika shamba, marejesho hayakusimama hata wiki moja. Wanawake wenzake wa VIKOBA walimwahirishia bila kuombwa, maana nao walikuwa wamezama. Yule mwingine alimtuma kijana mlangoni. Nilipompigia simu, shangazi hakulia wala hakulalamikia maji. Alisema, "Mwanangu, shamba limekufa, deni liko hai." Tulichanga ndugu tukalilipa. Si kila mtu Rufiji ana ndugu wenye mshahara.

Ndiyo maana, Juni 2024, niliposoma kwamba IMF imeiidhinishia Tanzania takriban dola milioni 786 za kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, sikufurahi kama walivyofurahi waandishi wa taarifa ile. Ni mkopo wa masharti nafuu, wa miaka mingi, na siufananishi na kausha damu. Kenya nayo ilikuwa imepata kama huo mwaka mmoja kabla, dola milioni 551. Lakini utalipwa, na atakayelipa ni pamoja na huyo shangazi, kwenye kodi ya sabuni, ya mafuta ya taa na ya vocha ya simu. Ukusanye mikopo ya aina hii ya nchi zote maskini na utaona sura halisi ya kile kinachoitwa fedha za tabianchi. Mwaka 2009, kwenye mkutano wa tabianchi wa Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi dola bilioni 100 kila mwaka kufikia 2020. Zilizifikia mwaka 2022, zikiwa zimechelewa. Na katika fedha za umma zilizohesabiwa mwaka huo, karibu asilimia 70 zilikuwa mikopo. Yaani mwenye deni la hewa ndiye anayetudai.

Baku, Novemba 2024, ahadi mpya ikawa dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Wajumbe wetu walikwenda kudai trilioni 1.3. Katika zile 300, mikopo nayo inaruhusiwa kuhesabiwa.

Kuhusu hasara iliyokwisha kutokea, hali ni ya kusikitisha zaidi. Vanuatu, kwa niaba ya visiwa vidogo, ilipendekeza mfuko wa hasara za namna hiyo mwaka 1991. Soma tena mwaka huo. Nilikuwa kijana. Ilichukua mpaka Novemba 2022, Sharm el-Sheikh, nchi tajiri kukubali mfuko uundwe, na mpaka siku ya kwanza ya mkutano wa Dubai, 30 Novemba 2023, kuuzindua. Watu walisimama ukumbini wakapiga makofi. Ahadi za mkutano ule zilizidi kidogo dola milioni 700 kwa dunia nzima. Falme za Kiarabu na Ujerumani ziliahidi milioni 100 kila moja. Marekani, yenye ile robo ya hewa ukaa ya historia, iliahidi milioni 17.5, na mapema mwaka 2025 ikajiondoa kwenye bodi ya mfuko wenyewe. Zipange ahadi zote hizo pembeni ya zile bilioni 3.2 za Idai na Kenneth uone: mfuko mzima wa ulimwengu usingefika hata robo ya kuijenga nchi moja baada ya msimu mmoja.

Tena nchi tajiri zilihakikisha maandishi yanazikinga. Uamuzi wa Paris wa 2015 unatamka kwamba kipengele cha hasara na uharibifu si msingi wa dhima wala fidia. Uamuzi wa kuanzisha mfuko ule ulirudia jambo hilo hilo: mchango ni wa hiari, ni wa ushirikiano, si fidia. Wanasheria wao walilinda kila neno. Na hapo ndipo unapoelewa kwa nini mkopo unapendwa. Mkopo haukiri kosa. Anayekukopesha anabaki kuwa mfadhili, na wewe unabaki mwombaji unayepaswa kushukuru.

Najua jibu linalotolewa kwenye meza zile: mtathibitishaje kwamba tufani hii, mafuriko haya, yalisababishwa na sisi? Ni swali la haki na halijibiwi kwa jazba. Wapo wanasayansi wanaofanya kazi hiyo. Kundi la World Weather Attribution lilichunguza ukame wa Pembe ya Afrika, ule ulioanza mwishoni mwa 2020 ukaua mifugo Marsabit, Wajir na Somalia kwa misimu mitano mfululizo, na likasema mwaka 2023 kwamba ongezeko la joto liliufanya uwe na uwezekano wa kutokea angalau mara 100 zaidi. Mvua za vuli za 2023 zilizozamisha Garissa na Tana River walizikuta zimezidishwa ukali hadi mara mbili. Lakini kuhusu masika ya 2024, mvua hizo hizo zilizomzamisha shangazi na kuua karibu watu 300 nchini Kenya, walikuta mchango wa tabianchi ni mdogo zaidi na wenye mashaka mengi. Walinyoosha kidole pia kwenye miji iliyojengwa kando ya mito bila mpangilio. Nayasema haya kwa sababu hoja yetu ina nguvu ya kutosha. Haihitaji kupakwa rangi.

Kuna jambo moja kwenye tafiti hizo ambalo limenikaa moyoni kama mwalimu wa jiografia. Mwaka 2022 wanasayansi hao walichunguza kimbunga Ana, kilichopiga Madagaska, Malawi na Msumbiji. Walisema wazi kwamba tabianchi iliiongezea mvua ile ukali. Lakini waliposhika kalamu waandike kwa kiasi gani, walikwama. Takwimu za mvua za miaka ya nyuma hazikutosha.

Shuleni kwetu tulikuwa na kipimamvua. Mtungi wa bati wenye faneli na chupa ndani yake, ukizungushiwa waya ili mbuzi wasiusukume. Kila siku saa tatu asubuhi mwanafunzi wa zamu alimimina maji kwenye kipimio cha kioo, akainama mpaka jicho likawa sawa na mstari, akaandika milimita kwenye daftari kubwa la mistari. Siku isiyo na mvua aliandika sifuri. Niliwafundisha kwamba sifuri nayo ni habari. Wengine walidhani ni adhabu. Kioo kilipovunjika hapakuwa na fungu la kununua kingine, na madaftari yaliliwa na mchwa ndani ya stoo. Shule kama yetu zilikuwa nyingi, kutoka Rufiji hadi Zambezi. Nchi iliyokuwa inalipa mishahara ya walimu kwa kukopa haikuweza kununua vioo. Leo nchi zile zile zilizojaza hewa ukaa zinatuambia: leteni ushahidi wa miaka 50. Umaskini wetu umekuwa utetezi wao mahakamani. Kwa hiyo kama kuna tajiri anayetaka kuonyesha mshikamano wa kweli bila kusubiri mkutano, aanzie hapo: vituo vya hali ya hewa, watu wa kuvisoma, na mishahara yao ya miaka 30, kama zawadi. Mamlaka yetu ya Hali ya Hewa iliitabiri Hidaya, ikatangaza mapema, na wavuvi wengi walivuta vyombo ufukweni. Watu wako hai leo kwa sababu hiyo. Hakuna matumizi ya fedha ninayoyajua yenye faida ya wazi kuliko hayo.

Mlango wa sheria hata hivyo umefunguka, na waliousukuma ni vijana. Mwaka 2019 wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki Kusini, kampasi ya Vanuatu, walianza kampeni ya kuipeleka hoja ya tabianchi kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Serikali ya Vanuatu iliwasikiliza. Machi 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio la kuiomba mahakama hiyo maoni, bila kupingwa, na tarehe 23 Julai 2025, mjini The Hague, majaji walitoa maoni yao kwa kauli moja: nchi zina wajibu wa kisheria wa kulinda mfumo wa hali ya hewa, kuuvunja ni kosa chini ya sheria ya kimataifa, na kosa hilo linaweza kuzaa wajibu wa kulipa fidia kamili pale uhusiano kati ya kosa na madhara utakapothibitishwa. Ni maoni ya ushauri, hayamlazimishi mtu. Lakini miaka yote ile tuliambiwa neno fidia halizungumziki. Sasa limetamkwa na mahakama kubwa kuliko zote. Mei ya mwaka huo huo Umoja wa Wanasheria wa Afrika ulikuwa umeiomba Mahakama ya Afrika iliyopo Arusha itoe maoni juu ya wajibu wa serikali zetu zenyewe katika suala hili. Hilo linafanyika hapa hapa kwetu, na lingestahili kusomwa kwenye kila redio ya mkoa.

Wajibu wa serikali zetu, nao upo. Siwezi kuandika juu ya deni la wengine nikalipita kimya bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Najua ajira zilizopatikana, na najua kwamba mafuta ya bomba lile ni tone ukiyalinganisha na ya Texas au ya Ghuba. Hatuwezi kuambiwa tubaki gizani na watu walioota jua la mafuta yao kwa miaka 100. Hata hivyo mimi naona tunapokwenda kudai haki, kila lita tutakayoichimba itapimwa dhidi ya hoja yetu, na ni vizuri viongozi wetu watuambie waziwazi wamepima nini na wameamua nini. Kule Rufiji watu walililaumu sana Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kwenye mto huo, wakati wa mafuriko. Serikali ilieleza kwamba bwawa lilipunguza maji badala ya kuyaongeza. Hesabu hiyo inaweza kuwa sahihi. Ila mkulima wa bondeni anahitaji kujua kabla, kwa lugha ya siku na kimo cha maji, ni lini milango itafunguliwa. Desturi ya mto aliyoijua babu yake haimsaidii tena.

Na fedha zikija, zitapita wapi? Hapa ndipo hofu yangu ilipo kubwa. Fedha za tabianchi zinapenda hoteli. Zinapenda warsha, mikoba yenye nembo na magari yenye vioo vyeusi. Zikishafika wilayani zimekonda. Kijijini hufika bango. Lakini haihitaji kuwa hivyo, na mifano ya kinyume ipo. Scotland, nchi ndogo iliyochoma makaa ya mawe kabla ya wengi, ilikuwa serikali ya kwanza kuahidi fedha mahususi za hasara na uharibifu, Glasgow mwaka 2021, pauni milioni 2. Kiasi kidogo. Ila sehemu ya fedha zake za namna hiyo baadaye ilifika Malawi kwa kaya zilizopigwa na Freddy, taslimu, mkononi, bila deni. Mama aliamua mwenyewe kama anaanza na paa au na mbuzi. Nchini Kenya, kaunti za Isiolo na Makueni zilitangulia kuunda kamati za wadi zinazoamua zenyewe fedha za tabianchi zichimbe kisima wapi, na wafugaji wa Isiolo walijua kuliko mhandisi yeyote wa Nairobi ni malambo gani ya kuokoa kwanza. Sisi Tanzania tuna Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022, yenye kamati kutoka taifa hadi kijiji. Kamati ya kijiji isiyo na akaunti wala fungu ni orodha ya majina tu.

Mfuko ule wa hasara na uharibifu umetenga dola milioni 250 kwa hatua yake ya mwanzo, kwa njia ya ruzuku, na angalau nusu yake ni kwa visiwa vidogo na nchi zenye maendeleo duni. Tanzania imo, Msumbiji imo, Malawi imo, Komoro imo, Burundi imo. Nchi inapaswa kuandika ombi. Hapa ndipo ninapowaomba viongozi wa nchi hizi wafanye jambo ambalo bado sijaliona: waende pamoja. Vimbunga vya Mlango wa Msumbiji havigongi mihuri mpakani. Kenneth ilivuruga Komoro na Cabo Delgado kwa safari moja, na Mtwara walifunga maduka wakisubiri. Tulipopeleka unga Blantyre hatukuwa tunashindana na Malawi. Kwa nini tushindane nayo kwenye foleni ya mfuko, kila mmoja na mshauri wake wa kulipwa?

Na kwa wajumbe wetu watakaokwenda kwenye mikutano ijayo nina ombi moja la ziada. Mkiletewa mkopo mezani ukiitwa mshikamano, ukubalini ikiwa nchi inauhitaji, lakini uandikeni kwenye ukurasa wa madeni, na mkatae usihesabiwe popote kama malipo ya hasara tuliyoletewa. Na kila mkopo tuliouchukua uwekewe kifungu kwamba kimbunga kikitua, malipo yanasimama. Vifungu hivyo vipo duniani, Barbados imeviweka kwenye hati zake za madeni, na Benki ya Dunia imeanza kuvikubali kwa baadhi ya nchi. Wanawake wa VIKOBA vya Muhoro walilifanya hilo bila mwanasheria.

Wewe unayesoma, una mbunge, una diwani, una mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Waulize kama kata yenu imeandikwa kwenye ombi lolote la mfuko huo, na kama imeandikwa, waulize nakala iko wapi. Msimu wa mvua hautasubiri jibu lao, kwa hiyo uliza mapema, uliza kwa maandishi, na usiende peke yako.